Lundo la Vyuma Nyuma ya Nyumba

Karibu kila fundi wa miji yetu, awe seremala wa Bukavu au mfua vyuma wa Lubumbashi, ana lundo la vyuma nyuma ya nyumba yake. Mna springi ya lori iliyovunjika, fremu ya baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, jeki iliyopinda mguu, beringi tatu nne zilizokauka mafuta, na tupa zilizokwisha meno. Mama wa nyumba hulitazama lundo hilo kila asubuhi anapofagia uwanja, na kila mara huuliza litaondoka lini. Mwenyewe hujibu kwamba vitafaa siku moja. Siku hiyo haifiki. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mizani yake, vyote huenda kwa kilo, na fedha inayopatikana mara nyingi haitoshi kununua patasi moja nzuri.

Na mbele ya nyumba, fundi yule yule huazima jiliwa kwa jirani. Kijana aliyemaliza masomo ya useremala hurudi kwao na cheti mkononi, lakini bila randa, bila keekee, bila cherehe ya kunolea. Mikono yake inajua kazi, ila haina cha kushika. Basi huenda kufanya kibarua katika karakana ya mtu mwingine kwa vyombo vya mtu mwingine, na sehemu kubwa ya malipo hubaki kwa mwenye vyombo. Nimeona vijana wakikaa hivyo miaka mitatu, minne, hata wakaacha kazi waliyojifunza wakaenda kuuza kadi za simu. Kwa ajili yao nataka leo tulitazame lundo lile upya, chuma kwa chuma.

Wengi hukosea tangu mwanzo kwa kutazama umbo. Mtu huona nondo ya zege iliyonyooka vizuri, husema, «Hii yafaa kuwa patasi.» Huona springi iliyojikunja, huitupa. Kumbe umbo si kitu, moto na nyundo hulibadilisha. Jambo la kuuliza ni hili: chuma hiki kilivumilia nini katika kazi yake ya kwanza? Springi ya lori ilipigwa na kupindwa maelfu ya mara kila siku, nayo ikarudi mahali pake. Ngoma ya breki ilivumilia moto. Beringi ilivumilia mzunguko bila kuchoka. Parafujo ya jeki ilisukuma motokari nzima juu. Nondo ya zege ililala ndani ya ukuta. Kipe kila kimoja kazi ya namna ile ile kiliyoizoea, nawe hutajuta sana.

Mimi mwenyewe nilijifunza neno hili kwa hasara. Patasi yangu ya kwanza niliifua kutoka kwenye nondo. Ilipendeza macho. Niliitia moto, nikaizamisha katika maji, nikainoa, nikaanza kuchimba tundu katika ubao wa mninga. Baada ya mapigo kumi makali yake yalikuwa yamejikunja kama ukucha wa mzee. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo mno, na chuma kisicho na kaboni ya kutosha hakishiki matiko hata ukizamishe mara mia. Nikaenda kuchukua kipande cha springi. Feleji ya springi za magari ina kaboni yapata sehemu 6 katika kila 1,000, mara nyingi pamoja na kromi kidogo au silikoni. Kiasi hicho chatosha kabisa kwa patasi. Nikafua, nikatia moto hadi wekundu, nikazamisha katika maji kama nilivyofanya mara ya kwanza. Nikasikia mlio mdogo, «ti!», kama kikombe kinachopasuka. Ufa ulikuwa umepita katikati ya makali. Feleji ya namna ile hutaka mafuta. Maji huipoza kwa ghafula mno, nayo hupasuka.

Patasi ya tatu ninayo hata leo. Njia yake nitaieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayofungua mlango wa vyombo vingine vyote.

Kwanza, usikate mahali springi ilipovunjikia. Chuma kilichovunjika kwa uchovu huwa na nyufa nyingine ndogo karibu, zisizoonekana. Pangusa kipande kwa mafuta ya taa, kikaushe vizuri kwa kitambaa, kisha kipake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Kipande hicho kiweke kando.

Kipande kizima kilainishe. Kitie katika makaa hadi kiwe chekundu na sumaku isikamate tena. Sumaku yenyewe utaitoa katika kipaza sauti cha redio iliyokufa. Ifunge kwenye waya mrefu, ukiguse chuma mara moja na kuiondoa, maana joto huiharibu. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kikifika karibu digrii 770 za sentigredi, nayo ni ishara nzuri kuliko macho yetu, kwa kuwa wekundu wa jua la mchana si wekundu wa kivulini. Kikiacha kuvutwa, kizike katika jivu kavu, ukiache humo usiku kucha. Asubuhi kitakatika kwa msumeno wa chuma na kukubali tupa.

Ukimaliza kuunda patasi, tia moto upande wa makali tu, kiasi cha vidole vitatu. Sumaku ikiacha kukamata, ongeza moto kidogo tu, kisha zamisha wima katika mafuta, ukiitikisa polepole mbele na nyuma. Mawese yafaa sana kwa kazi hii. Huko nyanda za juu, ambako mawese huganda asubuhi, yapashe kwanza hadi yawe majimaji na moto kiasi cha kuvumilika na mkono. Yatie katika chombo cha chuma chenye kifuniko, kamwe si cha plastiki, na uwe nje ya nyumba. Yakishika moto, funika tu, usimwagie maji. (Mawese na chuma ni marafiki wa siku nyingi: katika karne ya 19 viwanda vya Wales vilivyopaka bati juu ya mabamba ya chuma vilitumia mawese yaliyotoka Afrika.)

Sasa tupa iliyokwisha kazi ikiteleza juu ya makali kama juu ya kioo, patasi imeshika matiko. Lakini usiitumie bado, kwa maana sasa ni ngumu na yavunjika kama kigae. Yapasa kuipunguzia ukali. Isugue kwa jiwe hadi ing'ae, kisha ipashe polepole kutoka upande wa mpini, ukiangalia rangi zinavyotembea kuelekea makali. Hutangulia manjano ya majani makavu, karibu digrii 230. Hufuata rangi ya asali na kahawia, kisha zambarau karibu 280, mwisho buluu. Kwa patasi ya mbao, rangi ya asali ikifika makalini, zamisha mara moja. Kwa tindo ya kukatia chuma, subiri zambarau inayoanza kugeuka buluu. Upande unaopigwa na nyundo usiutie matiko hata kidogo.

Najua baadhi ya wazee wakisoma haya watacheka, kwa kuwa mambo ya moto hawakujifunza katika gazeti. Katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, huko Katanga, wachimbuaji walikuta fuawe ya chuma iliyozikwa pamoja na mtu mkubwa, yapata miaka elfu iliyopita. Na miongoni mwa sanamu za wafalme wa Wakuba, mmoja ameketi na fuawe mbele yake kama alama ya ufalme wake. Mfua chuma hakuwa mtu wa nyuma ya nyumba.

Tanuri nalo halina shida. Ngoma ya breki ya motokari, ikigeuzwa juu na kuwekwa juu ya mawe matatu, tayari ina tundu katikati. Tia hapo bomba la chuma na wavu wa vyuma juu yake ili makaa yasianguke, kisha pulizia kwa mivukuto ya ngozi au kwa feni ya gari yenye betri. Mafundi wengi wanajua hilo, sitakaa hapo. Neno moja tu: bomba lisiwe lile lililopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomtia mtu homa na kutetemeka usiku, naye hudhani ni malaria.

Lakini chombo kinachobadilisha maisha ya karakana ndogo kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cherehe. Seremala asiyeweza kunoa ni mtumwa wa vyombo vyake. Na cherehe yaweza kutoka katika fremu ile ya baiskeli, bila umeme. Mwajua wenyewe jinsi umeme wetu unavyokuja na kuondoka.

Fremu huinuliwa juu ya miti miwili ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani. Tairi huondolewa, rimu ikabaki tupu na mfereji wake. Katika mfereji huo hupita mkanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa tairi, nao hwenda kuzungusha puli ndogo ya mti iliyofungwa juu ya ekseli ya jiwe. Ekseli bora ni ya gurudumu la mbele la pikipiki, pamoja na beringi zake mbili, kwa kuwa vimekwisha kuishi pamoja. Beringi hukazwa ndani ya vipande viwili vya mbao ngumu.

Tufanye hesabu, maana hapa hesabu ni uhai. Baiskeli kubwa ya kazi yaweza kuwa na meno 48 mbele na 20 nyuma. Mtu akikanyaga mara 60 kwa dakika, gurudumu lazunguka mara 144. Rimu ina upana wa sentimeta 63 hivi. Puli ikiwa na sentimeta 6, jiwe litazunguka mara kumi na nusu zaidi, yaani karibu mara 1,500 kwa dakika. Jiwe la sentimeta 15 kwa mwendo huo, ukingo wake hukimbia mita 12 kwa sekunde. Mawe mengi ya kawaida ya cherehe huandikwa kwamba yavumilia mita 35 kwa sekunde, basi tuko mbali na hatari. Zaidi ya hayo, mwendo huu wa upole hauchomi makali haraka. Ukiona buluu ikitokea katika makali wakati wa kunoa, matiko yamekwisha ondoka pale, nawe huna budi kusaga hadi uipite sehemu ile.

Jiwe lenyewe usiliokote hovyo. Litundike kwa kidole katika tundu lake, uligonge polepole kwa mpini wa mti: likilia wazi kama kengele, ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, ni la kutupwa. Tundu la jiwe likiwa kubwa kuliko ekseli, tia mkono wa shaba au wa chuma unaokaa barabara, wala si kuzungushia kitambaa. Pande zote mbili weka karatasi nene kati ya jiwe na sahani za kukazia. Jiwe likae mkono wako wa kulia, na ukingo wake wa juu uzunguke kukujia. Hivyo nati ya kawaida hujikaza yenyewe badala ya kujilegeza. Na usichukue jiwe la cherehe ukalifunga katika mashini ya mkono ya umeme, zile zinazozunguka mara 11,000 kwa dakika. Jiwe la sentimeta 15 hapo lingekimbia mita 86 kwa sekunde. Litapasuka, na vipande vyake vitatafuta uso wako.

Cherehe ikiwa tayari, itakuwa pia mwalimu wako. Gusisha chuma usichokijua ukatazame cheche. Nondo laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka. Springi hutoa mistari yenye vichaka vya nyota mwishoni. Tupa ya zamani, yenye kaboni yapata sehemu 10 hadi 13 katika 1,000, hupasuka nyota tele karibu kabisa na jiwe. Chukua kwanza vyuma unavyovijua, ujizoeze jicho, kisha pima visivyojulikana.

Kuhusu beringi, watu wa Goma hawahitaji somo langu. Chukudu zao, zile baiskeli za mti mtupu zinazoshuka milimani na magunia ya viazi na makaa, hutembea juu ya beringi zilizotoka katika mashini nyingine, na magurudumu yake ya mti huvikwa mpira wa tairi kuukuu. Mji wenyewe ulisimamisha sanamu ya chukudu mwaka 2009, nayo inang'aa dhahabu. Lakini kwa wengine nitasema hivi. Beringi iliyookotwa ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, itie tone la mafuta, kisha izungushe kwa kidole karibu na sikio. Ikikwaruza, haifai kwa cherehe, ingawa yaweza kufaa katika gurudumu la toroli. Namba imeandikwa ubavuni. Ikiwa 6204, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5, utapata upana wa tundu lake: milimeta 20. Na 6205 ni 25. Njia hiyo huanzia 04. Zilizo chini hazifuati hesabu: 00 ni milimeta 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Aliyejua haya haendi sokoni na kipande cha kamba kupimia.

Jiliwa la seremala hutoka katika jeki ya kukunja, ile ya motokari ndogo. Usihangaike na miguu iliyopinda. Unachotaka ni parafujo yake ndefu na nati yake, kwa maana hesi yake nene imetengenezwa kwa kusukuma mzigo mzito. Nati huzamishwa na kufungwa kwa bolti nyuma ya mguu wa meza ya kazi. Parafujo hupita ndani yake na kusukuma ubao mpana wa mti mgumu. Chini ya ubao huo weka ulimi wa mti wenye matundu na kijiti, ili taya zisiegemee upande mmoja. Mafuta kidogo, basi. Ni kazi ya siku mbili, na baada yake mtu haendi tena kwa jirani kuazima.

Fuawe ndiyo yenye shida. Kila mtu hutamani kipande cha reli, na kweli ni kizuri: reli ya kilo 40 kwa mita, ukipata sentimeta 40, una kilo 16. Wengi huilaza, afadhali kuisimamisha ndani ya gogo, ili uzito wote uwe chini ya nyundo. Ila reli hiyo ilitoka wapi? Kipande cha njia ya treni, hata bamba la kuungia au bolti zake nne, kikiondolewa usiku, asubuhi hupita gari lenye watu. Anayenunua bila kuuliza ndiye anayemtuma mwizi kurudi tena. Mimi hutumia nusu ya ekseli ya lori, iliyosimamishwa katika gogo la mkaratusi na sahani yake juu. Ni ndogo, lakini nilimwona aliyeitoa katika lori lake mwenyewe.

Kuna vitu katika lundo ambavyo havipaswi kuguswa kwa moto. Shoki ya gari ina mafuta, na nyingi zina gesi iliyobanwa; ukiitia makaani hupasuka. Vali za injini nyingine zina shina lenye uvungu uliojazwa sodiamu, madini ambayo yakigusa maji hulipuka. Kwa nje hazitofautiani na nyingine, kwa hiyo vali usiikate wala kuifua. Pipa lililokuwa na petroli, hata kama limekauka tangu mwaka jana na halina harufu, laweza kuua mtu anayelikata kwa moto. Vumbi la breki za magari ya zamani laweza kuwa na asbesto. Liloweshe kwa maji, usilipulize kwa mdomo. Betri ya gari usiivunje kwa ajili ya risasi iliyomo, hasa mahali wanapocheza watoto, maana risasi huingia mwilini mwao na kudhuru akili. Na tupa isipigwe kamwe kwa nyundo. Fundi mmoja niliyefanya kazi naye alitumia tupa kama tindo. Kibanzi kidogo kuliko punje ya mtama kilimwingia jichoni, na jicho hilo halioni tena. Tangu siku ile sishiki nyundo bila miwani.

Vilivyobaki vigawanye. Mimi nina makopo matano ya maziwa: beringi kwa namba zake, bolti kwa unene wake, springi ndogo, nati, sumaku. Springi kubwa zimesimama ukutani, na kila moja nimeiandika kwa chaki kama imepimwa ufa au bado. Uwanja wafagika. Jana alikuja kijana akitafuta beringi ya tundu la milimeta 15 kwa ajili ya cherehe yake. Nilimpa mbili za 6202 kutoka kopo la kwanza, naye akaniachia kipande cha springi ya gari ndogo, kirefu kama mkono, hakijapimwa.